Maswali ya Gemu: Skini Nzuri, Bosi Hashindiki

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja: skini (sura ya ziada ya mhusika), kipando au silaha ya kung'aa isiyomwongezea mchezaji nguvu yoyote, lakini imefungiwa nyuma ya pambano ambalo wengi hawatalimaliza. Kabla ya majibu, tuelewane jambo moja. Kuna zawadi zilizofungwa na ustadi, zilizofungwa na bahati, zilizofungwa na watu unaocheza nao, na zilizofungwa na kalenda. Ukitumia dawa ya moja kutibia nyingine utapoteza miezi.

Timu yetu ya watu 8 imekwama kwenye Futures Rewritten, pambano gumu la Final Fantasy XIV. Kila mmoja anajua la kufanya, miongozo tumesoma, video tumetazama. Bado tunakufa usiku kucha, na kila mara ni mahali tofauti. Silaha ile naitaka kweli, ila naanza kuamini pambano hili halikutengenezewa watu wa kawaida. (Mponyaji aliyechoka)

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mnakufa mahali tofauti. Chukulia pambano lina mitego 10 ya kuua, na kila mtego unamdai kila mchezaji tendo moja sahihi. Hayo ni matendo 80. Kama kila mmoja wenu anapatia mara 98 katika 100, timu itavuka mitego yote kwa takriban asilimia 20 tu ya majaribio. Mkifika 99, inapanda hadi karibu asilimia 45. Mkiwa na 95, kiwango ambacho mtu akiwa peke yake anajiona fundi, mnabaki na chini ya asilimia 2. Kwa hiyo "kila mmoja anajua la kufanya" haitoshi hata kidogo. Pambano la namna hii linapima kurudia bila kukosea, na kujua ni hatua ya kwanza tu.

Sasa muda. Tuseme mtego unaowasumbua uko dakika ya 12, na kila mkifa mnatumia dakika 2 kujipanga upya. Kikao cha saa 3, ukiondoa mapumziko, kina dakika 165 za kazi. Kama ni majaribio 3 kati ya 10 tu yanayofika dakika ya 12, na mengine yanakufa karibu dakika ya 4, mtauona mtego huo mara 6 hivi usiku mzima. Hakuna anayejifunza kitu kwa kukiona mara 6. Mkiimarisha mwanzo hadi majaribio 6 kati ya 10 yafike, mtauona mara 9. Ndiyo maana timu zinazomaliza hurudi kukaza dakika 4 za kwanza wakati zile zinazokwama zinaendelea kubishana kuhusu dakika ya 12.

Wekeni daftari. Kila mkifa, mtu mmoja aandike dakika, jina la mtego, na sababu kwa neno moja kati ya matatu: hakujua, alichelewa, au alivutwa na kosa la mwingine. Baada ya vikao viwili mtaona kwamba vifo "tofauti" vina chanzo kimoja au viwili. Mfano wa kawaida kabisa: mponyaji anakufa, wote wanamtazama yeye, kumbe sekunde 15 kabla kuna mtu alisahau kutoa ngao ya kupunguza maumivu, akamlazimisha mponyaji atumie tiba aliyokuwa ameitunzia pigo linalofuata. Rekodini kikao kwa OBS (programu ya kurekodi skrini) na mtazame sekunde 20 kabla ya kifo cha kwanza. Kifo chenyewe hakina habari nyingi.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, na huua hata wazoefu. Katika gemu hii seva huamua umesimama wapi pale mstari wa kuandaa shambulio unapojaa, si pale moto unapoonekana. Kwa hiyo toka eneo la hatari nusu sekunde kabla mstari haujajaa, kisha rudi mara moja hata kama kwenye skrini moto bado unawaka. Anayesubiri moto uishe anapoteza mapigo mawili matatu kila mtego, na mwishoni bosi anabaki na asilimia 1 ya uhai huku muda umekwisha.

Mkishamaliza, kila ushindi wa wiki unawapa tokeni moja ya kubadilisha kwa silaha ya kazi (aina ya mhusika) mnayoitaka. Hakuna bahati nasibu. Kwa hilo tunawasifu watengenezaji wake, Square Enix: wamefunga kwa ustadi na watu, bila kuongeza bahati juu yake.

Naua Lich King, bosi wa World of Warcraft, kila wiki nikitafuta kipando cha Invincible. Rafiki yangu alikipata mara ya pili. Je, seva inanichukia? (Mpanda farasi)

Haikuchukii, na wala haikukumbuki, ambalo ndilo tatizo. Nafasi yake inakadiriwa kuwa asilimia 1 kwa kila ushindi, na majaribio yaliyopita hayaongezi lolote. Kwa asilimia 1, ukijaribu mara 69 una nusu kwa nusu ya kuwa umekipata. Mara 100 ni asilimia 63, si mia kama wengi wanavyodhani. Ukitaka uhakika wa asilimia 90 andaa majaribio 230. Kwa mhusika mmoja, mara moja kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 4.

Njia pekee ya kufupisha ni wahusika wengi. Ukiwa na 5 wenye levo ya juu, majaribio 69 yanaisha ndani ya wiki 14. Hakikisha kiwango ni watu 25 heroic (ugumu wa juu), kwa sababu kwa watu 10 kipando hakidondoki kabisa na watu hupoteza wiki nzima bila kujua. Na bosi akifika asilimia 10 ya uhai atawaua wote waliomo ndani. Usibonyeze kuachilia roho! Ni sehemu ya hadithi. Subiri ulipo, utafufuliwa na utamalizia kazi.

Hili ni kufuli la bahati tupu. Kufanya mazoezi hakusaidii, na kukasirika ni haki yako.

Kama ni pambo tu na halina nguvu, kwa nini tunanyimwa? Mimi nimelipia gemu sawa na wao. (Mlipaji)

Watengenezaji wanayo sababu, nayo si ya kubeza. Zawadi ya nguvu ikiwekwa nyuma ya pambano gumu, wenye nguvu wanazidi kuwa na nguvu na wageni wanakata tamaa. Pambo linaepusha hilo: anayelipata anaonekana, asiyelipata hapungukiwi kwenye pambano. Tena kadiri wachache wanavyolivaa, ndivyo linavyosema kitu kuhusu mvaaji. Kila mtu akilivaa linakuwa nguo tu.

Ila hoja ya "ni pambo tu" inateleza mahali pamoja. Katika gemu nyingi za mtandaoni, mchezaji akishafika levo ya mwisho, sura ya mhusika wake ndiyo kitu kikuu anachoendelea kukikusanya. Huwezi kumwambia kwamba kitu kinachomfanya alipie usajili kila mwezi hakina maana.

Kwa maoni yetu suluhisho zuri ni njia mbili zenye sura mbili. Guild Wars 2 ni mfano. Kwa miaka kadhaa, mchezaji asiyependa kupigana na wachezaji wenzake alilazimika kupitia reidi (mapambano makubwa ya timu) za watu 10 ili apate vazi la kiwango cha legendary. Kuanzia mwaka 2023 ikaongezwa njia ya vazi la Obsidian, linalotengenezwa kwa kazi za ulimwengu wa wazi. Lakini lile la reidi, ambalo vipande vyake hufunguka na kusogea mvaaji anapoingia vitani, likabaki la reidi. League of Legends nayo ilifanya jambo la karibu na hilo: skini za Victorious kwa miaka mingi zilihitaji ranki ya Gold, kisha kuanzia 2023 walio chini wakafunguliwa mlango, huku rangi za ziada zikiendelea kufuata ranki. Aliyetoa jasho hakuibiwa sifa yake, na mwingine hakuondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo ukiandika malalamiko kwa mtengenezaji, usiandike "rahisisheni." Andika "tupeni njia ya pili yenye sura yake." Ombi la kwanza linawaudhi walioshinda, na wao ndio wanaosikika zaidi.

Kila msimu nakaribia zawadi ya ranki, kisha msimu unaisha. Nakosea wapi? (Karibu na juu)

Mara nyingi kosa liko kwenye kusoma masharti. Ranki unayoonyeshwa na sharti la zawadi si kitu kimoja.

Tazama cheo cha Gladiator cha World of Warcraft. Wengi wanasema "ni 2400." Ukweli ni kwamba unafika 2400 kwenye uwanja wa watu 3 kwa 3, kisha unashinda mechi 50 ukiwa juu ya kiwango hicho, ndani ya msimu huohuo. Kama 2400 ndicho kiwango chako halisi, utashinda nusu na kupoteza nusu, na kila ukishuka chini ya mstari ushindi wako hauhesabiwi mpaka upande tena. Kwa vitendo unahitaji ustadi wa juu kidogo ya 2400 ili ubaki pale kwa mechi kama 100. Anayefika 2400 wiki ya mwisho hajachelewa kidogo, amechelewa kabisa.

Rocket League ina mtego mdogo zaidi. Zawadi za msimu hupandwa ngazi kwa ngazi, ushindi 10 kila ngazi, kuanzia Bronze. Hata kama ranki yako tayari ni Diamond, unahitaji ushindi 50 kabla ya zawadi ya Diamond kufunguka. Umalize hizo mapema, ukiwa huna presha.

PUBG Mobile ni mnyama mwingine. Conqueror si idadi maalumu ya pointi. Ni kuwamo kati ya wachezaji 500 wa juu kwenye seva, na mstari huo unapanda kila siku kwa sababu wenzako nao wanacheza. Andika pointi za mtu wa 500 kila siku kwa wiki moja, upate wastani wa ongezeko. Kama mstari unapanda kwa kasi kuliko wewe, msimu huu umekwisha kwako hata kama zimebaki wiki tatu, na ni afadhali kujua leo.

Kuna pia zawadi za mfululizo. Trials of Osiris ya Destiny 2 ilijipatia jina kwa ushindi 7 bila kupoteza hata mechi moja. Mwenye uwezo wa kushinda mechi 6 kati ya 10 atafanikiwa karibu mara 1 katika 36. Anayeshinda 7 kati ya 10 ni mara 1 katika 12. Ongezeko dogo la ustadi linazaa tofauti ya mara tatu, kwa hiyo kwenye mfululizo badala ya kuongeza idadi ya majaribio, tafuta wenzako bora. Ukipoteza mechi mbili mfululizo, simamisha kikao. Wenye hasira hukimbilia mapambano ambayo kwa kawaida wangeyakwepa.

Kuna mtu anasema atanipatia kila kitu kwa siku tatu nikimpa nywila yangu. Ni salama? (Mwenye haraka)

Hapana.

Tofautisha mambo mawili lakini. Kubebwa na timu yenye nguvu huku wewe mwenyewe unacheza kwenye akaunti yako, gemu nyingi zinaruhusu. Kumpa mtu nywila acheze badala yako kunavunja masharti ya karibu gemu zote kubwa. Kinachotokea ni hiki: akaunti inaingia kutoka nchi nyingine na kifaa kingine, mfumo unainasa, na adhabu inamkuta mwenye akaunti. Au kazi inakamilika vizuri, halafu miezi miwili baadaye kampuni inafanya msako na zawadi inaondolewa. Au yule mtu anabadilisha barua pepe ya akaunti, na hapo umempa nyumba na ufunguo. Malipo huwezi kuyadai, maana ulichonunua chenyewe ni haramu kimasharti.

Blizzard walipiga marufuku mashirika ya biashara hii kwenye World of Warcraft mwanzoni mwa 2022, hata yale yanayolipwa kwa dhahabu ya ndani ya gemu. Korea Kusini walikwenda mbali zaidi: sheria iliyoanza kutumika mwaka 2019 inamwadhibu mtu anayefanya biashara ya kuwapandishia wengine ranki, kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi won milioni 20.

Nilikosa Mage Tower ya kwanza ya World of Warcraft. Nisubiri? (Aliyechelewa)

Sura za silaha za awali ziliondolewa mwaka 2018, upanuzi (nyongeza kubwa ya gemu) wa Legion ulipofika mwisho. Mnara uliporudi mwaka 2021 ulirudi na zawadi nyingine, na vifaa vyako vinashushwa kiwango ili usipite kwa ubabe. Kwa hiyo usisubiri ya zamani. Piga hii iliyopo. Na kwa zawadi yoyote mpya, swali la kwanza kabla hujaanza liwe "inaondoka lini?" Kama tarehe haijatangazwa, ichukulie kwamba itaondoka na upanuzi unaofuata.

Nahisi nakufa kwa sababu ya mtandao, wenzangu wanasema ni visingizio. Nitajuaje? (Mlaumiwa)

Pima, usibishane. Tuma pingi (ujumbe mdogo wa kupima muda wa kwenda na kurudi) 100 kwenda kwenye ruta yako mwenyewe wakati unacheza. Kama majibu yanarukaruka kupita milisekunde 5, au kuna yanayopotea, ugonjwa uko ndani ya nyumba: acha Wi-Fi, tumia kebo, na zuia vifaa vingine visipakue mafaili. Kama ruta iko safi lakini pingi ya kwenye seva ya gemu inapanda na kushuka, tatizo liko nje na kubadilisha ruta ni kutupa pesa. Pingi ya juu lakini tulivu inazoeleka, inayoyumba haizoeleki. Angalia pia picha: skrini ya fremu 60 kwa sekunde inakupa picha mpya kila milisekunde 16.7, na mashine ikishuka hadi 25 katikati ya fujo ya timu nzima, unasoma mtego ukiwa umechelewa. Punguza athari za mapigo ya wachezaji wengine kwenye mipangilio. Hiyo peke yake husaidia kuliko kushusha ubora wa picha nzima.

Mkono wangu wa kulia unauma nikicheza muda mrefu, na nataka Infernal cape ya Old School RuneScape. Je, niache? (Mkono mmoja)

Kwanza tukuunge mkono kwa lalamiko moja: joho hilo lina nguvu pia, si pambo tupu, kwa hiyo asiyeweza anapungukiwa kwelikweli. Lakini Inferno, pambano linalotoa joho hilo, ina sifa moja inayokufaa. Gemu inakwenda kwa mapigo ya sekunde 0.6, na ukibonyeza kitu kilekile mara nyingi ndani ya pigo moja hupati chochote zaidi. Anayepiga kipanya kwa fujo anaumiza mkono bure. Jifunze mdundo huo: bonyezo moja, subiri, bonyezo moja.

Panga vitufe vya F ili mkono wa kushoto ufungue ukurasa wa sala (kinga za mhusika) na wa begi, na wa kulia ubaki na kulenga tu. Kubadilisha kitufe kimoja kifanye tendo moja kunakubalika kwa kawaida. Programu inayofanya matendo mengi kwa bonyezo moja inafungisha akaunti, hata ukieleza kwamba mkono unauma.

Usianze na Inferno. Rudi kwenye Fight Caves yenye mawimbi 63 mpaka bosi wake, Jad, asikutishe tena: akiinuka kwa miguu ya nyuma ni uchawi, akikanyaga chini kwa miguu ya mbele ni shambulio la mbali, na sala unaibadilisha ukishaona mwendo, kabla pigo halijatua. Ndani ya Inferno utamkuta mmoja wimbi la 67 na watatu kwa pamoja wimbi la 68. Wimbi la 69 ni Zuk, bosi wa mwisho, na hapo kazi kubwa ni kubaki nyuma ya ngao inayotembea kushoto na kulia. Ukiipita ukingo wake kwa hatua moja umekwisha.

Mkono ukianza kuuma katikati, bonyeza kutoka kwenye gemu (logout) wakati wimbi linaendelea. Gemu itakuacha umalize wimbi hilo kisha itakutoa, na ukirudi unaendelea na linalofuata. Pumzika hata siku nzima ukitaka. Vidole vikifa ganzi, usirudi kabla hujaonana na daktari.